Bahari imetulia lakini vigingi vya mwani vinang'oka: nani anauhamisha mchanga?

*"Assalam aleikum. Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wanne, tunalima mwani mashariki ya Unguja, ndani ya mwamba, kama hatua mia tatu kutoka mlango wa bahari, lile pengo la mwamba. Vigingi vyetu ni vya mti, urefu sentimita 60, unene sentimita 4, na nusu tunaizamisha mchangani. Kusi iliyopita, kila bamvu (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) ikija, vigingi vya safu za upande wa mlango viling'oka, na safu za nyuma zikafukiwa mchanga mpaka mwani ukaoza. Nilipima mkondo tukiwa shambani, maji yakiwa kiunoni, kwa kuachia kifuu kielee: kilikwenda mita 10 kwa sekunde 40. Kijana mmoja msomi akaniambia kwa mkondo huo mchanga hauwezi kuhama, mpaka ufike sentimita 40 kwa sekunde. Basi nani anauchukua? Wengine wanasema ni ukuta wa hoteli iliyo ufukweni. Wengine wanataka tupange magunia ya mchanga upande wa mlango. Wengine wanasema tung'oe majani yote ya bahari shambani ili maji yapite vizuri. Tufanye lipi?"*

Waaleikumu salaam, dada. Umepima kabla ya kuuliza, na kipimo chako cha kifuu ndicho kitakachotufungulia mlango. Nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua ni kwamba hesabu inasema mchanga utulie, na macho yako yanasema umehama. Yote mawili ni kweli. Kifuu chako kilipima saa ambayo mchanga haufanyi kazi, na kilipima kitu kimoja kati ya viwili vinavyousogeza.

Mita 10 kwa sekunde 40 ni sentimita 25 kwa sekunde. Mchanga wa ufukwe wa mashariki, ule mweupe wa vipande vya matumbawe, makombe na mwani wa chokaa, mara nyingi una chembe za robo milimita hivi. Ili chembe kama hizo zianze kuondoka kwenye sakafu iliyo tambarare, maji yanatakiwa kuikwangua sakafu kwa nguvu ya paskali 0.2. Hiyo ni nguvu ndogo mno: ni kama uchukue vijiko vitano vya chai vya sukari na kuutandaza uzito wake juu ya mita moja ya mraba. Mhandisi Albert Shields ndiye aliyeonyesha, katika tasnifu aliyoiandika Berlin mwaka 1936, kwamba kizingiti hiki kinategemea mizani kati ya mkwaruzo wa maji na uzito wa chembe ikiwa ndani ya maji. Mkondo wako wa sentimita 25, katika maji ya kiunoni, unakwangua kwa paskali 0.09 hivi, yaani hata nusu ya kizingiti haujafika. Kijana wako hakukosea, maana sentimita 35 hadi 40 kwa sekunde ndiyo kasi inayotajwa kwa mchanga wa namna hiyo, mahali penye mkondo mtupu usio na mawimbi.

Lakini hiyo ni kasi ya wastani. Maji ya bahari hayaendi kwa wastani.

Tushuke mpaka kwenye chembe moja. Imelala kati ya wenzake, na juu yake kuna utando wa maji ya pole, laini, usiozidi milimita moja, ambao karibu haujisogezi. Juu ya utando huo maji yamejaa visulisuli vya kila ukubwa, vingine vya upana wa shamba, vingine vya upana wa ukucha. Huo ndio msukosuko. Kila mara fungu la maji ya kasi kutoka juu huporomoka, hupasua utando na kuifagia sakafu kwa nusu sekunde au chini ya hapo. Mahali pengine maji ya pole ya chini hurushwa juu kama moshi unaotoka jikoni. Katika fagio moja kali, mkwaruzo hufika mara mbili, tatu, hata nne ya wastani. Chembe haijui wastani. Inaketi imetulia, inatikisika kidogo, halafu ghafla inabingirika urefu wa kidole na kusimama tena. Ukivaa miwani ya kuzamia ukalala juu ya maji kimya, utaona jambo hili waziwazi: mchanga hausogei wote pamoja kama mkeka unaovutwa, unasogea viraka viraka, hapa kisha pale.

Kwa hiyo hata katika mkondo wako wa sentimita 25 kuna chembe chache zinazoondoka. Hizo hazifukii safu za mwani, ingawa zinatuonyesha njia ambayo mchanga mwingi utapita nguvu ikiongezeka. Na nguvu hiyo haiongezeki sawa na kasi, kwani kasi ikizidi mara mbili, mkwaruzo unazidi mara nne. Mchanga unaobebwa huongezeka kwa haraka zaidi ya hapo. Saa mbili za bamvu kali zinaweza kuhamisha mchanga mwingi kuliko wiki nzima ya maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo.

Sasa mawimbi, ambayo kifuu hakiyaoni. Wimbi linapopita, maji ya karibu na sakafu huenda mbele na kurudi nyuma. Kifuu kinapanda na kushuka palepale, wewe unasema mkondo ni taratibu, na huku chini mchanga unasuguliwa mbele na nyuma kama nguo kwenye ubao wa kufulia. Zaidi ya hayo, wimbi hugeuka kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo ule utando wa maji yaliyopungua kasi juu ya sakafu haupati muda wa kunenepa. Maji ya kasi yanabaki karibu mno na chembe. Ndiyo maana mwendo wa sentimita 15 kwa sekunde unaosababishwa na wimbi unaikwangua sakafu mara tano hivi kuliko mkondo wa kasi hiyohiyo. Katika maji ya mita moja, wimbi la urefu wa sentimita 10 tu, ambalo wewe na wenzako hamlihesabu kuwa wimbi, tayari linaukaribia ule mkwaruzo wa paskali 0.2.

Nyinyi mnaingia shambani maji yakipwa, na lazima iwe hivyo. Wakati huo mwamba wa nje uko wazi au karibu wazi, mawimbi makubwa yanavunjikia huko, na ndani kumetulia. Bamvu likijaa, maji juu ya mwamba yanakuwa na kina cha kutosha kupitisha mawimbi. Msimu wa kusi upepo unayasukuma moja kwa moja kutoka bahari kuu. Tuseme shambani pako kina kimefika mita mbili na nusu na mawimbi ya sentimita 60 yanaingia. Maji ya chini yatakuwa yakienda na kurudi kwa nusu mita kwa sekunde, na mkwaruzo utakuwa mara tano ya kizingiti au zaidi. Saa hiyo kila mtu yuko nyumbani. Na maji yaliyomwagika juu ya mwamba yanatafuta pa kutokea, nayo yanatokea mlangoni, hatua mia tatu kutoka kwenye vigingi vyenu.

Hapo ndipo mawimbi na mkondo vinaposhirikiana. Wimbi hunyanyua, mkondo hubeba. Wimbi peke yake linaipeleka chembe mbele na kuirudisha karibu palepale. Mkondo wa sentimita 25 peke yake hauna nguvu ya kuing'oa. Viwili vikikutana, wimbi linainyanyua chembe ielee ndani ya maji, na mkondo, hata ukiwa wa taratibu, unaipeleka mlangoni au nyuma ya shamba. Makunyanzi ya mchanga yanazidisha kazi hii: kila wimbi linapogeuka, kisulisuli kilichojificha nyuma ya kunyanzi hurushwa juu kikiwa kimejaa mchanga, mara mbili kwa kila wimbi. Mchanga huo mwingi husafiri ndani ya sentimita 10 za chini. Kumbuka kipimo hicho, tutakihitaji tukifika kwenye kamba za mwani.

Makunyanzi hayo ni ushahidi mnaoukanyaga kila siku. Maji yakipwa, yatazameni kwa ubavu. Yakiwa yameinamia sawasawa pande zote mbili, bwana wa mahali hapo ni wimbi. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umelala, kuna mkondo uliotawala, nao ulielekea kule upande mkali unakotazama.

Nirudi kwenye vigingi. Wengi huamini kila kigingi kinajichimbia shimo mpaka kinaanguka. Ni kweli maji yakigonga kigingi hushuka chini kwa mbele, hujiviringisha na kuzunguka pande zote mbili kama kiatu cha farasi, na kisulisuli hicho huchimba. Lakini kina cha shimo hufuata unene wa kigingi, na katika mkondo hufika takriban mara 1.3 ya unene huo. Kigingi chako cha sentimita 4 hujichimbia sentimita 5 hivi, na chini ya mawimbi pengine pungufu kidogo. Katika sentimita 30 ulizozamisha, zimebaki 25. Hilo pekee halikiangushi, ingawa linakipunguzia theluthi moja ya nguvu ya kushika au zaidi, kwa sababu mshiko wa kigingi hupungua haraka kuliko kina chake.

Kinachokimalizia ni mambo mawili yanayokuja pamoja. La kwanza, sakafu yote ya upande wa mlango inashuka, tofauti na kale kashimo ka kigingi. Ikishuka sentimita 10, umebaki na 15. La pili, kamba iliyobeba mwani uliokomaa inavutwa na kila wimbi, huku na huku, na kigingi kinatikisika kama jino bovu. Kila mtikisiko unafungua mwanya, maji yanaingia, mchanga unalegea na kutoka kidogo kidogo. Ukikikuta kigingi kimesimama katikati ya shimo lenye umbo la faneli, pana juu na lililorefuka kuelekea upande wa kamba, jua mvuto wa kamba umefanya zaidi ya mkondo.

Safu za nyuma ni kinyume chake. Mwani uliosongamana unapunguza kasi ya maji, visulisuli vinakosa nguvu ya kubeba, na mchanga uliotoka mbele unaangukia hapo. Chembe za robo milimita huzama sentimita mbili hadi tatu na nusu kwa sekunde, kwa hiyo msukosuko ukipungua tu, zinatua papo hapo. Safu zako za mbele ndizo zinazozifukia safu zako za nyuma.

Kabla ya kutumia hata shilingi, pimeni mizunguko miwili ya bamvu. Chukueni nondo sita za milimita 12, urefu mita moja na nusu, mzigongomee mita moja ndani, kwa mstari kutoka upande wa mlango mpaka nyuma ya shamba. Kama mwamba uko karibu na nondo haishuki, andikeni kina ilipogota, kwa sababu hiyo nayo ni habari muhimu sana. Juu ya kila nondo fungeni dumu dogo au chupa yenye rangi, msije mkaumiza miguu au kutoboa ngalawa ya mtu. Kabla ya kufunga dumu, vusheni washa ya chuma, ile pete bapa, yenye tundu linalopita nondo kwa ulegevu, iteremke mpaka ikae juu ya mchanga. Mchanga ukichimbika, washa inashuka nao. Mchanga ukirudi, washa inafukiwa palepale ilipofika. Bamvu likipita, pimeni kutoka kichwa cha nondo mpaka kwenye mchanga, mkichukua usawa wa mchanga ulio shubiri moja pembeni ili kashimo ka nondo kasiwadanganye. Kisha fukueni taratibu mpaka kwenye washa na mpime tena, mkitoa sentimita moja na nusu ambayo nondo imejichimbia yenyewe. Mtajua sakafu ilishuka mpaka wapi usiku ambao hamkuwepo, hata kama asubuhi inaonekana kama haijaguswa. Ongezeni chupa mbili za plastiki zilizokatwa shingo, ziwe ndefu mara tatu hadi tano ya upana wa mdomo, mzifunge kwenye nondo moja, mdomo wa moja ukiwa sentimita 10 juu ya mchanga na wa pili sentimita 40. Mchanga mtakaoukuta ndani utawaambia kamba ipande kiasi gani.

Chukueni pia kiganja cha mchanga, mkitie kwenye chupa ndefu ya maji ya bahari, mtikise na kuiacha. Ukitua wote chini ya nusu dakika, ni mchanga mtupu na maelezo yangu yanawahusu. Maji yakibaki meupe kwa robo saa na zaidi, kuna tope laini ndani yake. Tope lina tabia nyingine: linashikana, ni gumu kuling'oa kuliko mtu anavyodhani, ila likishang'oka halitui upesi, linakwenda mbali.

Sasa yale matatu uliyoyauliza.

Majani ya bahari msiyang'oe, dada. Katika mambo yote uliyoandika, hili ndilo linalonitia hofu. Mizizi yake inaushika mchanga kwa chini, na majani yaliyosongamana yanaviweka visulisuli juu ya vichwa vyake badala ya kuviacha vifike sakafuni. Mkiyang'oa yote mnaondoa kizuizi na nanga kwa pamoja. Mkiyapunguza yakabaki machache machache, inaweza kuwa mbaya zaidi, kwani kila shina lililo peke yake hutengeneza kisulisuli chake, kama kigingi kidogo. Pangeni safu kwenye viraka vilivyo wazi tayari, na muwe na njia moja ya kupita kwa miguu, maana kukanyaga kila mahali kunavunja ule utando laini wa viumbe vidogo mno unaoziunganisha chembe za juu.

Magunia ya mchanga siyashauri. Ukubwa wa kitu ndio ukubwa wa kisulisuli chake. Kigingi cha sentimita 4 kinachimba sentimita 5, lakini ukuta wa magunia utachimba kwenye miguu na ncha zake kwa kiasi kinacholingana na umbo lake, mpaka magunia yenyewe yatumbukie, yapasuke na kuacha plastiki shambani. Kwa sababu hiyohiyo msikimbilie vigingi vinene. Virefusheni: sentimita 90 hadi mita moja, unene uleule, sentimita 50 au 60 zikiwa ndani. Pengine mtauliza miti itoke wapi. Isiwe mikoko ya hapo hapo, kwani nayo inashika udongo wa pwani yenu. Nondo za zamani zinafaa kwa safu za mbele, zikipakwa rangi na kuzibwa ncha.

Ukuta wa hoteli hauwezi kuachiwa wala kuhukumiwa kwa barua. Ukuta wima hurudisha mawimbi, na mchanga wa miguuni pake hulika. Athari hiyo ya kurudisha mawimbi huwa kali karibu na ukuta na hupungua kadiri unavyoingia baharini, kwa hiyo sitarajii ing'oe vigingi vilivyo mbali karibu na mlango. Njia ya pili ya kudhuru ni ya polepole: ukuta unaweza kuuzuia mchanga wa ufukwe usirudi baharini, eneo lote likapungukiwa miaka ikipita. Nondo zenu zitasaidia kutenganisha. Zikishuka za upande wa mlango na kupanda za nyuma, mchanga unazunguka ndani ya shamba lenu. Zikishuka zote sita, msimu baada ya msimu, kuna mchanga unaopotea na swali la ukuta linastahili kuulizwa rasmi.

Ningekuwa napanga shamba hilo, ningeanza na kamba. Ziinueni mpaka sentimita 30 hadi 40 juu ya mchanga kwenye safu za nyuma, mkiangalia mwani usikauke juani maji yakipwa sana. Ziwe sambamba na mkondo mkuu, siyo kuukatiza, ili mchanga upite katikati badala ya kunaswa. Acheni nafasi pana zaidi kati ya safu. Vuneni mwani mzito wa safu za mbele kabla ya bamvu kubwa la kusi, kwa kuwa kamba nyepesi haitikisi kigingi. Na kama hatua mia tatu kutoka mlangoni hazitoshi, zihamisheni safu mbili za mbele kwenda pembeni kwa msimu huo na kuzirudisha kaskazi ikiingia. Kulima kwenye maji ya kina kwa kamba au nyavu zinazoelea kunaondoa tatizo la mchanga kabisa, lakini kunadai chombo, kuogelea na nanga nzuri, na siwezi kumwambia mtu asiyejua kuogelea aende huko kwa sababu ya vigingi.

Mwiteni mtaalamu afike kwa miguu yake endapo sakafu imeshuka zaidi ya sentimita 20 kwa msimu mmoja bila kurudi, mwamba umeanza kutokeza mahali palipokuwa na mchanga, minazi au nyumba za ufukweni zimeanza kuguswa, au mtu yeyote anataka kujenga kitu ndani ya maji. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapo hapo Unguja, na mambo ya ujenzi wa ufukweni yanaihusu Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Waombeni wapime mawimbi na mkondo karibu na sakafu, kwa chombo kinachosoma mara nyingi kila sekunde, na kikae angalau siku 15 ili kione bamvu na maji mafu. Kipimo cha mara moja wakati wa kupwa kitawarudishia jibu lilelile la kifuu. Nendeni na daftari la nondo: tarehe, saa, namba ya nondo, kimo cha mchanga, kimo cha washa, na upepo uliokuwa ukivuma siku hiyo.